Waliopata Soda Wainue Mikono

Kamwathi, Mbeere
3 Machi 2025

Mume wangu Kithaka,

Nakusalimu mimi shosho yako, mama wa baba yako, na Gladwell anayeniandikia anakusalimu pia. Gladwell unamjua, mke wa Runji fundi wa baiskeli, yule aliyeolewa hapa kutoka Kanyakine. Miaka yote hii Kimbeere bado anakivunjavunja, na Kimeru chake mimi hakinipandi, kwa hivyo tunakutana kwa Kiswahili na wewe utakisoma hivyo hivyo. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitie adabu ambazo sina. Na usinitajie simu. Nikikupigia unasema, "Shosho, netiwaki ni mbaya," kabla hata sijafika kwa jambo. Barua haina netiwaki.

Sisi ni wazima. Mguu wangu huuma mawingu yakija, na mawingu hayajaja, basi siumwi. Ndengu tulivuna, na wadudu walitusaidia kula. Baba yako amerudi kwaya na sauti ni ile ile, Mungu ni mvumilivu.

Mbuzi wako wanakula vizuri. Yule mwati, kondoo wetu mchanga, amejaa mgongo mpaka Runji anamwangalia na kumeza mate. Na harika, yule mbuzi wa sikio jeupe, hajapandwa, nimemlinda kama msichana wa kanisa. Siku tutakayokwenda kwa akina Kinya hao wawili ndio watatutangulia, mwati na harika, maana bila hao hakuna mtu wa Embu anayejua adabu atakayesema amekwenda kuomba mke. Mwambie Kinya mimi sina wivu. Wewe una jina la marehemu mume wangu, kwa hivyo wewe ni mume wangu na yeye ni mke mwenzangu, tutakupikia kwa zamu. Lakini kwanza nimwone mikono kama inajua jembe.

Sasa jambo lenyewe. Kaunti ilituita kwenye ukumbi wa kanisa ati tutoe maoni. Akasimama kijana mmoja wa miwani na karatasi nene kama kitabu cha nyimbo, akaisoma kwa Kizungu mpaka watu wakalala. Neno la Kiswahili lilikuwa moja tu: usafi. Nikasimama nikamuuliza, "Kijana, usafi wa nini?" Akasema, "Shosho, maswali ni mwisho." Mwisho ukafika, ukawa ni soda na mkate. Tukala. Halafu akasema, "Waliopata soda wainue mikono." Sisi tukainua, maana tulikuwa tumepata, na mimi sijawahi kula kitu cha mtu nikakataa kwamba nimekula. Kamera ikapiga picha.

Siku chache baadaye Runji akasikia kwa redio kwamba watu wa Kamwathi, kwa mikono juu, wote kwa kauli moja, wamekubali sheria ya kukataza mnyama yeyote kuonekana ndani ya soko. Nilitema chai.

Wewe unaijua ile njia. Maji yako mtoni, mto uko ng'ambo ya soko, na njia ya mbuzi inapita hapo katikati. Ilikuwepo kabla ya duka la kwanza kujengwa. Babu yako alipitisha mbuzi hapo na fimbo yake ile iliyo darini. Sasa wataruka?

Wewe unafanya kazi kwa kaunti huko. Niambie sheria ya namna hiyo hukataliwaje. Tena niambie kazi yako ni gani hasa. Ulisema ni ya mazingira. Mazingira ni nini, ni miti au ni takataka? Nijibu hilo.

Huko kuna baridi, vaa sweta ndani na nje.

Mke wako wa kwanza,
Shosho Wambura
(hapo chini ni kidole changu, si doa la chai)


Ruguta, juu ya Timau
29 Machi 2025

Shosho,

Shikamoo, na pole kwa kuchelewa. Mimi ni mzima. Baridi ya huku unaijua kwa kusikia tu. Asubuhi ngano yote ni nyeupe kwa umande na mtu akisema neno unaliona likitoka mdomoni. Kinya bado yuko kwenye shamba la mboga, upande wa kupakia. Anakusalimu, na anasema mikono yake utaiona, ina sugu. Watu wao wanatutarajia mwezi wa nane.

Shosho, kuhusu sheria. Usikasirike, lakini si mbaya yote. Soko watu hununua chakula. Mama anapanga nyanya chini, mbuzi anapita anaacha mavi, mwingine anang'oa sukuma kwenye gunia. Watoto wanaumwa matumbo. Huku wauza mboga wenyewe ndio waliolia mpaka sheria ikaletwa. Walikuwa wamechoka. Sasa mambo yana utaratibu.

Mngefunga mbuzi nyumbani na kuletewa maji na bodaboda. Wengi wanafanya hivyo.

Kazi yangu ni nzuri. Ni ya kuzungukazunguka.

Mwati na harika uwatunze. Hao ndio uso wangu kwa watu wa Kinya.

Kithaka wako


Kamwathi
2 Mei 2025

Kithaka,

Salamu nimezipata, za Kinya nimezipata zaidi. Mvua ilikuja ikanyesha kwa jirani. Baba yako ana homa ya mafua. Mimi ni mzima na ningependa nisiwe, ili nisione nilichoona.

Ijumaa ya soko nilikuwa napitisha mbuzi kwenda mtoni. Sikuwaacha wazurure. Nilikuwa mbele, Gladwell nyuma na fagio. Ndiyo, fagio! Tulikuwa tunapita tukifagia, kwa sababu hiyo hadithi yako ya mavi niliisikia nikaona ina ukweli kidogo, na mimi ukweli siuogopi hata ukitoka kwa mtoto. Lori la kaunti likasimama mbele ya duka la mbolea. Wakaruka vijana wa makoti ya bluu. Mmoja akaniambia, "Mama mzee, songa." Nisonge niende wapi? Hapo ndipo nilipomzaa baba yako, nyuma ya hilo duka, kabla halijawa duka!

Akamshika harika miguu ya nyuma akamrusha juu ya lori kama gunia la makaa, kisha mwati na mama yake harika. Nikamshika koti. Akavuta, nikavuta. Alinishinda kwa sababu ana nguvu, lakini kifungo cha koti kilibaki mkononi mwangu na bado ninacho, nimekifunga kwa pindo la leso.

Runji na watu wengine walisimama wakiangalia. Wanaume! Mmoja alinitolea ushauri kwamba nikate rufaa. Nilimwambia akate kuni.

Tulikwenda bomani kwa kaunti, wanakofungia wanyama waliokamatwa, jioni ile, lango limefungwa. Jumamosi limefungwa. Jumapili nilisali nikiwa nimekasirika na sikumwomba Mungu msamaha kwa hilo. Jumatatu wakatufungulia. Mwati alikuwa amesimama hoi. Mama yake harika alikuwa analamba chuma cha lango. Harika alikuwa amekufa. Hakuna aliyempiga. Alikufa kiu.

Harika wako, Kithaka. Sikio jeupe lilikuwa limejaa nzi.

Sasa nakuambia, na Gladwell aliandike kwa herufi kubwa: mtu anayefanya kazi hiyo ya kukamata mbuzi wa vikongwe asikanyage kwangu. Asinywe maji yangu. Asile kwa sufuria yangu, hata kama ametoka kwenye tumbo langu mwenyewe. Kama ana mchumba, mchumba huyo aambiwe.

Wewe ni mtu wa ofisi. Niambie nimlilie nani.

Shosho Wambura


Ruguta
11 Mei 2025

Shosho wangu,

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Pole sana. Pole kwa harika. Pole kwa kusukumwa. Baba anywe maji ya tangawizi.

Wale vijana hawajui wewe ni nani. Wanaambiwa wajaze lori na wasipojaza wanaulizwa wao. Sisemi wako sawa.

Wakati mwingine, Mungu apishe mbali, usingoje Jumatatu. Bomba la bomani ni moja na hufungwa Ijumaa mchana, na mwenye ufunguo huenda nao nyumbani kwake, kwa hivyo wanyama wa Ijumaa ndio huteseka. Ungemtafuta huyo mwenye ufunguo siku hiyo hiyo kabla hajatoka. Na karatasi ya kuwatoa mbuzi upeleke asubuhi, baada ya chakula cha mchana hakuna anayesaini.

Nitatafuta harika mwingine. Usiwe na hasira mpaka uugue.

Kithaka


Kamwathi
20 Mei 2025

Kithaka,

Leo salamu ni fupi. Baba yako amepona. Mimi sijapona.

Gladwell aliisoma barua yako mpaka mahali pa bomba nikamwambia, "Simama hapo. Rudia." Akarudia. Nikamwambia, "Mimi nilimwandikia habari ya bomba?" Akafikiria, akasema, "Hapana, shosho, uliandika kiu tu."

Nikafunga leso nikaenda bomani, na mguu wangu huu. Nikamuuliza mlinzi wa lango. Kweli, bomba ni moja. Kweli, hufungwa Ijumaa mchana. Kweli, ufunguo huenda nyumbani na mtu. Mlinzi mwenyewe akaniuliza, "Shosho, nani amekuambia mambo yetu?"

Boma hilo lilijengwa juzi na wewe hujawahi kufika hapo. Sasa nakuuliza. Boma ulilolijua wewe ni la wapi, na wewe ulikuwa upande gani wa seng'enge?

Usinijibu mazingira.

Nilikuwa nikiwaambia wanawake wa kanisa kwamba mjukuu wangu anatunza miti ya mlimani. Nilikuwa nikiwaambia hivyo kwa sauti!

Mwati hatoki hapa mpaka nipate jibu. Nimemfunga kwa kamba mpya.

Wambura


Kamwathi
30 Julai 2025

Kithaka,

Habari za nyumbani ni nzuri, kama bado unazitaka. Mama yake harika alizaa, mtoto ni jike, na sikio moja ni jeupe. Sikumwita jina. Baba yako anakuuliza na mimi namwambia una kazi nyingi.

Blanketi ulilotuma na basi limefika. Barua haikuwa ndani. Nililikung'uta, nikamwambia Gladwell naye alikung'ute. Blanketi nimempa Runji. Mimi sikukuomba joto.

Kinya amenipigia kwa simu ya Gladwell. Msichana ana sauti nzuri, ananiita Kaka, Gladwell anasema ndivyo Wameru huita nyanya zao. Aliniuliza kama nimekataa kuja kwao mwezi wa nane. Aliniuliza kama kuna kitu amekosa. Nilimwambia, "Wewe hujakosa kitu, mwanangu, endelea na kazi yako." Hayo mengine sikumwambia. Hayo utamwambia wewe, kwa mdomo wako.

Sasa usikie. Kaunti walirudi. Watu walilalamika sana, hata mheshimiwa wa wodi akaogopa, basi wakaita mkutano mwingine wa maoni. Mimi nikapita nyumba kwa nyumba kwa wanawake wenzangu. Niliwaambia neno moja: kila mtu aje na uji wake. Tukaingia ukumbini na vibuyu na mitungi. Walipoleta kreti za soda hakuna mwanamke aliyenyoosha mkono. Mkate ulibaki kwenye meza ukikauka. Yule wa miwani akasema, "Wamama, kunyweni, ni zenu." Kagure muuza nyanya akamjibu, "Zenu hizo. Sisi tunajua zinavyopigwa picha."

Kisha akasema wanaounga mkono sheria wainue mikono. Wanawake wote tukaingiza mikono ndani ya leso. Ungetuona! Ukumbi mzima kama watu waliozaliwa bila mikono. Mwenye kamera akazunguka, akakosa cha kupiga, akapiga picha ya dari.

Nikasimama. Nikasema, "Mimi sikatai usafi. Mimi nimefagia njia hii kuliko gari lenu la takataka, ambalo hatulioni. Na Kagure hapa mbuzi wangu alimlia nyanya, nikamlipa. Hayo tunamalizana wenyewe. Lakini nielezeni kitu kimoja. Mbuzi akiingia sokoni kwa miguu yake ni uchafu. Akiingia amening'inia kwa ndoano ya bucha, damu inadondoka mpaka mlangoni, ni biashara. Huyo mbuzi amesafishwa na nini hapo katikati?"

Wanaume wakapiga makofi, mwenye bucha akaangalia viatu vyake.

Nikasema tunataka njia nyuma ya mashine ya kusaga unga, upana wa kupita mbuzi na mwenye mbuzi, na sisi tutaifagia. Na bomba la bomani liondolewe kufuli. Yule wa miwani akasema, "Shosho, maoni yako tutayachukua." Nikamuuliza, "Mtayapeleka wapi? Mbuzi mlichukua, tukaona mlikowapeleka."

Nilikuwa nimewashinda, Kithaka. Nilikuwa naona kabisa nimewashinda. Halafu yule mwenye duka la mbolea akapaza sauti kutoka nyuma: "Na mjukuu wako je, Wambura? Si ni kanjo, askari wa kaunti, huko Timau? Si yeye anashika mbuzi wa wenzako na wewe unakula mshahara?"

Wanawake wote wakanigeukia, na mikono yao bado iko ndani ya leso kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia.

Mimi nikakosa neno. Mimi! Tangu nizaliwe nimekosa sukari, nimekosa mvua, nimekosa mume, lakini neno sijawahi kukosa. Wewe ndiye uliyeninyang'anya. Si kazi yako iliyoninyima neno, maana kazi ni kazi, na ungeniambia mapema ningekutukana wiki nzima halafu nikuombee. Ni kunificha. Nilisimama mbele ya watu nikiwa sijui nikatae au nikubali, kwa sababu wewe hujanijibu tangu mwezi wa tano.

Nikakaa chini. Mkutano ukaisha hivyo. Sheria haijapita na haijakufa, wamesema watarudi. Lori haliingoji sheria, bado linakuja siku za soko.

Basi haya ndiyo ninayotaka, na sitaki mengine. Blanketi sitaki, pole sitaki. Kwanza, hapo bomani kwako, wanyama wanywe maji. Usiniulize kwa njia gani, wewe ndiye mtu wa bomba. Pili, uje hapa Ijumaa ya soko, mchana, watu wakiwa wamejaa. Uje umevaa hilo koti lenu la bluu. Nitakutolea fimbo ya babu yako darini, na wewe ndiye utakayepitisha mbuzi katikati ya soko mpaka mtoni, mbele ya mwenye duka la mbolea, mbele ya wanawake niliowaaibisha. Mimi nitakuwa nyuma na fagio. Lori likija litukute. Wakishika watushike wote wawili, na bomba lifungwe tukiwa ndani.

Ukifanya hivyo, mwati nitamfungua mimi mwenyewe, na mtoto wa sikio jeupe atakuwa harika, na nitapanda mpaka huko kwenye baridi yenu nikamwombe mke mwenzangu kwa watu wake, nikiwa na sauti yangu yote. Usipofanya, nitamwandikia Kinya atafute mtu mwingine. Na nitalia nikiandika, lakini nitaandika. Gladwell ni shahidi.

Bado wewe ni mume wangu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Wambura


Ruguta
18 Agosti 2025

Shosho,

Shikamoo. Baba msalimie, mwambie ukweli.

Bomba liko wazi. Kufuli nililikata na msumeno Ijumaa iliyopita, mchana, mwenye ufunguo akiniangalia. Ng'ombe mmoja alikunywa mpaka nikaogopa atapasuka. Waliuliza nani amekata, nikasema ni mimi. Nimeitwa ofisini.

Kinya nimemwambia. Tulipofika kwao akauliza siku ya soko lenu ni ipi. Anasema anakuja kujionea mwenyewe, hataki kuhadithiwa na watu.

Huku kuna nyanya mmoja anaishi karibu na mashine ya maziwa. Mbuzi wake niliwashika mimi, mwezi wa pili. Jana nilikwenda kwake. Hakunifungulia lango. Alisimama kwa ndani akiniangalia, na mimi nikasimama kwa nje. Mwishowe akaingia nyumbani. Sijui kama hiyo inahesabiwa. Nitarudi.

Nakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Fimbo uiteremshe mapema, uipake mafuta, isije ikavunjika kwa ukavu. Mbuzi usiwatoe mpaka nifike.

Koti wanataka nilirudishe. Nimewaambia nimelifua, halijakauka, na baridi hii wameniamini. Nitalivaa. Ila ujue utakaponiona kwamba linakosa kifungo kimoja, cha tatu kutoka juu, tangu mwezi wa pili. Wewe kile chako usikitupe. Huyu nyanya wa huku naye amekiweka changu, nilikiona jana, kimefungwa kwa pindo la leso.

Kithaka wako